Ufa wa Kifaru Haukuanzia Mguuni: Kusaka Kasoro za Sanamu Kubwa za Wanyama

Mwenye nyumba mmoja wa Embakasi aliniita nikamzibie ufa kwenye kifaru wake wa simiti anayesimama kando ya geti. Ufa ulikuwa kwenye mguu wa nyuma wa kushoto, juu kidogo ya kucha, mwembamba kama uzi. Mafundi watatu walikuwa wameshauziba kabla yangu, na viraka vyao vilionekana wazi: kijivu, kijivu kilichokolea, kijivu cha kuelekea samawati. Kila mvua ya Machi hadi Mei ikipita, ufa unarudi palepale. Nilichuchumaa, nikaweka pima maji juu ya kitako cha zege chini ya mguu ule, kisha juu ya kitako cha mguu wa kulia. Havikulingana. Kila mguu ulikuwa na kitako chake, na vyote vinne vimekalia ule udongo mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka kiangazi. Mguu ulikuwa mzima. Ardhi ndiyo iliyokuwa ikiuvuta kila msimu.

Nimeanza na kifaru huyo kwa sababu karibu kila kasoro nitakayoitaja hapa ina tabia hiyohiyo: inaonekana mahali pamoja na imezaliwa pengine. Rangi inabanduka kwa kosa la simiti, simiti inapasuka kwa kosa la chuma, chuma kinahangaika kwa kosa la msingi, na mnyama anafanana na mdoli kwa sababu ya kipimo ulichokosea kabla hujanunua hata waya. Kabla ya kushika mwiko, rudi nyuma hatua moja, kisha nyingine.

Nyufa kwenye simiti: soma umbo lake kwanza

Sanamu nyingi kubwa tunazotengeneza Nairobi ni simiti juu ya mifupa ya chuma. Nondo za milimita 12 zinashika miguu na uti wa mgongo, vyuma vyembamba vinachora mbavu na tumbo, wavu wa kuku unazungushwa tabaka mbili au tatu, halafu simiti inakandamizwa kwa mkono na mwiko. Ngozi inakuwa na unene wa sentimita 3 hivi na ndani kunabaki wazi.

Ukiona nyufa fupi nyingi zimetapakaa mgongoni kama tope la bwawa lililokauka, na zimetokea siku uliyopaka au kesho yake, simiti ilipoteza maji kabla haijashika. Januari na Februari hewa ya Nairobi ni kavu, na mgongo wa mnyama ndio unaopokea jua la saa saba mchana. Sababu ya pili huandamana na ya kwanza: maji mengi kwenye karai. Anayekoroga anataka mchanganyiko unaoteleza, anaongeza kikombe, akigeuka anaongeza kingine. Mimi hutumia mfuko mmoja wa kilo 50, mchanga safi wa mto uliochekechwa kilo 100, na maji lita 20 tu. Mchanga ukiwa umelowa, maji yanapungua. Mchanganyiko huo unaonekana mkavu mno mwanzoni. Chukua tonge, likandamize kwenye wavu kwa kidole gumba, ulisukume mpaka lijitokeze upande wa ndani. Litalainika lenyewe chini ya kidole na kushika. Tonge linalochuruzika kati ya vidole lina maji ambayo yatatoka baadaye na kuacha nyufa.

Nyufa za namna hiyo, ikiwa ukucha haupenyi, hazina hatari. Ziloweshe, zisugue kwa uji wa simiti uliochanganywa na gundi ya akriliki, funika na gunia bichi. Kwa kazi inayofuata, tandika turubai juu kabla hujaanza kupaka, na ukimaliza vika mnyama gunia lililoloweshwa na nailoni juu yake. Mwagilia siku saba bila kuruka hata moja. Wengi huacha siku ya tatu au ya nne kwa sababu sanamu imekuwa ngumu kwa kuigonga, lakini ndani simiti bado inajijenga, na hukadiriwa kufikia nguvu yake ya kazi siku ya 28. Maji unayoyanyima siku ya tano hayarudishwi siku ya ishirini.

Ufa mmoja mrefu, ulionyooka, unaofuata ubavu au uti wa mgongo ni habari nyingine kabisa. Chini yake kuna nondo. Kwa sababu hii mimi hupiga picha mifupa yote ya chuma kutoka pande nne kabla ya kupaka tonge la kwanza. Miaka mitano baadaye ufa ukitokea, ninajua chuma gani kimelala hapo. Ukiona doa la kahawia kwenye ufa, kutu imeshaanza. Kutu inahitaji nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa, hivyo inasukuma simiti kutoka ndani mpaka ipasuke. Kuziba ufa huo kwa juu ni kufungia moto ndani ya nyumba. Chukua tindo, fungua mpaka ukute chuma kinachong'aa pande zote mbili za ufa, sugua kwa brashi ya waya, paka rangi ya zinki, kisha rudisha simiti. Chuma kikiwa kimeliwa sana, kata kipande hicho na uchomelee kipya.

Na kwa nini kutu ilianza? Mara nyingi chuma kilikuwa karibu mno na uso. Masikio, mkia, ncha za pembe na kingo za pua ndiko kosa hili linakozaliwa, kwa sababu ndiko kila mchongaji anakotaka wembamba. Ninapima hivi: wavu ufunikwe na milimita 5 kwa uchache, nondo milimita 20. Sikio la ndovu haliwezi kupata milimita 20 kila upande bila kuwa kama mlango, kwa hiyo kwenye masikio usitumie nondo ya kawaida. Tumia fito za chuma kisichoshika kutu. Ni ghali, lakini unahitaji mita chache tu.

Ufa unaouzunguka mguu au shingo kama bangili unasema kitu kimoja: kuna kinachosogea. Anza na ardhi. Maeneo ya Embakasi, na kusini kuelekea Athi River, yana huo udongo mweusi. Kule Karen na maeneo mengi ya magharibi udongo ni mwekundu na umetulia zaidi. Kwenye udongo mweusi usimpe mnyama vitako vinne. Wakati kitako kimoja kinainuliwa na unyevu wa bomba la bustani, cha pili kiko pakavu chini ya ukuta. Kifaru wa Embakasi tulimwinua kwa winchi ya mnyororo, tukachimba udongo ule kama mita moja mpaka tukagusa mahali pagumu, tukajaza murram na kuishindilia tabaka kwa tabaka, tukamwaga bamba moja la zege lenye wavu wa BRC, ule wa vyuma vilivyochomelewa, chini ya miguu yote minne. Sasa ardhi ikitembea, anatembea mzima. Mvua mbili zimepita na mguu umetulia.

Msingi ukiwa sawa, angalia uzito. Mita moja ya mraba ya ngozi ya sentimita 3 ina kilo 70 hivi. Nyati mwenye ngozi ya mita za mraba 9 anafika kilo 630 kabla hujahesabu chuma, na huo ni uzito wa nyati halisi. Nyati aliye hai ameugawa kwenye misuli. Wako ameuweka kwenye vifundo vinne vya miguu. Ukiunga nondo zote nne kwenye kifundo kwa sababu hapo ndipo kipande kiliishia, umeunda mahali pa kuvunjikia. Nondo ya mguu ianzie ndani ya zege na ipande mpaka mgongoni bila kuungwa. Kwa twiga na swala, wenye miguu ya fimbo, sikubali mapatano yoyote juu ya jambo hili.

Shingo iliyopasuka siku ya kufikishwa kwa mteja ni kosa la kuinua. Watu wanafunga kamba penye mshiko rahisi, yaani shingoni au chini ya kidevu, kisha lori linapita matuta kumi na mawili. Chomelea pete mbili za nondo kwenye mifupa, moja juu ya mabega na nyingine juu ya nyonga, ziachwe zikichomoza nje ya ngozi. Winchi ishike hapo tu. Akishasimama mahali pake, zikate na uzibe.

Kasoro ya mwisho ya simiti haionekani, inasikika. Chukua sarafu ya shilingi 20 na umgonge mnyama mwili mzima, polepole, kama daktari anayegonga kifua. Penye mshikamano utasikia mlio mkavu wa juu. Penye tatizo mlio unashuka, unakuwa kama wa debe. Hapo tabaka la juu limeachana na la chini, kwa sababu la chini lilikuwa limekauka au lilikuwa laini kama sahani wakati ukipaka. Weka alama kwa chaki, kata eneo lote la mlio huo, kwaruza, lowesha, paka uji wa simiti, na utie simiti mpya kabla uji haujakauka. Nimeona fundi akipaka uji asubuhi na kurudi baada ya chakula. Uji uliokauka unaachanisha badala ya kushikisha.

Unga mweupe, na rangi inayotoka kama maganda

Unga mweupe unaochomoza tumboni ni chokaa ya simiti inayobebwa na maji hadi nje. Ufute kwa brashi kavu, kisha utafute maji yanaingilia wapi. Mgongo wa ndovu wa Afrika umebonyea katikati, na wa sanamu hubonyea zaidi kwa makosa, kwa hiyo kuna dimbwi pale juu kila mvua inyeshapo. Pengine maji yanaingia nyuma ya sikio. Toboa tundu dogo sehemu ya chini kabisa ya tumbo ili ndani pakauke.

Rangi ikibanduka ndani ya miezi michache, vua ganda moja na uguse upande wake wa chini. Ukikuta ute unaoteleza kama sabuni, ndiyo sabuni yenyewe: rangi ya mafuta ilipakwa juu ya simiti changa, na ukali wa simiti ukageuza mafuta kuwa sabuni. Hakuna cha kuokoa. Parua yote. Subiri siku 28 tangu kupaka simiti, weka rangi ya msingi inayohimili simiti, kisha akriliki. Mteja atalalamika kwamba mnyama anakaa kijivu mwezi mzima. Mwambie ukweli mapema, siku ya kupatana bei.

Faibaglasi inayonata, inayokunjamana, inayopinda

Faibaglasi, yaani mati ya nyuzi za kioo iliyoloweshwa kwa resini, gundi ya majimaji inayoganda, ni nyepesi, na kwa mnyama atakayekaa ghorofani au kusafirishwa mbali ni afadhali kuliko simiti. Mfano mzuri uko hapa mjini. Kwenye Jumba la Makumbusho la Taifa, Nairobi, amesimama Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1970 na kufa mwaka 1974. Sanamu yake ya faibaglasi ina ukubwa wake halisi, na mifupa yake mwenyewe imehifadhiwa hapohapo. Ukitaka kufanya kazi hii, nenda ukae mbele ya mifupa ile saa nzima na daftari, kisha utoke nje umtazame aliyevikwa ngozi.

Tatizo linaloletwa kwangu zaidi ni resini inayonata. Kuna kunata kwa aina mbili, na ukizichanganya utaharibu kazi nzuri. Asubuhi moja ya Julai, kijana ninayemfundisha aliweka kidole ubavuni mwa pundamilia tuliyempaka resini jana yake. Kidole kikaacha alama.

"Fundi, hii haijashika."

"Bonyeza kwa ukucha."

Ukucha haukuzama. Chini palikuwa pagumu, juu tu ndipo palinata. Hiyo ni tabia ya resini ya poliesta: uso unaoguswa na hewa haukauki kabisa, na ukitaka kuongeza tabaka jingine hali hiyo ni nzuri, linashika vizuri zaidi. Kwenye tabaka la mwisho changanya nta ya parafini iliyoyeyushwa katika stairini, kile kiyeyushi kilichomo kwenye resini, nayo itapanda juu na kuzuia hewa. La kwetu tulilipangusa kwa asetoni, tukapiga msasa.

Ukucha ukizama, hilo ni tatizo lenyewe. Julai na Agosti usiku wa Nairobi hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na poliesta chini ya nyuzi 15 inalala. Au hadina, ile dawa ya kugandisha, ilipimwa kwa macho. Kipimo ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya resini, kulingana na joto la siku hiyo. Pungufu ya hapo haigandi kamwe, na kuzidisha hakusaidii: inachemka, inapasuka, na bado ndani inaweza kubaki laini. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Ikiwa imebaki laini siku ya tatu, jaribu kuipa joto kwa taa kutoka mbali. Ikikataa, bandua. Kuipaka nyingine juu ni kuificha tu. Na kamwe usichanganye hadina moja kwa moja na kobalti, ile dawa ya zambarau ya kuharakisha. Zikikutana zenyewe hulipuka. Kobalti iingie kwenye resini kwanza, ikorogwe kabisa, ndipo hadina ifuate.

Ukimtoa mnyama kwenye kalibu, lile umbo la nje alimotengenezewa, ukakuta uso wake wa rangi umekunjamana kama ngozi ya mamba, kosa lilifanyika siku ya kwanza ya kazi. Jelikoti, lile tabaka la kwanza la rangi, lilipakwa jembamba kuliko milimita 0.4, au lilifunikwa kabla halijashika. Stairini ya tabaka lililofuata ikalilainisha, likavimba na kukunjana. Kwa kidole, jelikoti iliyo tayari inanata kidogo lakini haihamii kwenye kidole. Kurekebisha ni kusaga sehemu hiyo mpaka kwenye faiba, kupaka jelikoti mpya na kupiga msasa kwa maji. Kwa kifaru mwenye makunyanzi mengi, usagaji huo unafuta ngozi uliyoichonga kwa wiki mbili, na utalazimika kuichonga upya kwa mkono. Mimi huona afadhali kupoteza saa tatu nikisubiri jelikoti.

Sehemu nyeupe zenye malengelenge ni hewa iliyonaswa chini ya mati. Rola haikupitishwa vya kutosha, hasa kwenye mikunjo ya kwapa na nyuma ya masikio, ambako mati nene haipindi. Chana mati kwa mkono badala ya kuikata kwa makasi, kingo zilizochanika hulala vizuri. Na ubavu uliopinda baada ya kutoka kwenye kalibu ulitolewa mapema mno, au haukuwekewa mbavu za ndani. Mpe mnyama mifupa ya mbao au mabomba ya chuma, yamefungwa kwa mati, kabla hujamtoa.

Mfano wa udongo unaotumika kutengenezea kalibu nao una maradhi yake. Mkonga unaodondoka usiku haukukosa udongo mgumu, ulikosa cha kushika. Funga vijiti viwili vidogo kwa umbo la msalaba, uvining'inize kwa waya kutoka kwenye fremu, vingi, ndani ya unene wa udongo. Vinashika kama mifupa ya samaki. Jioni funika kwa gunia bichi na nailoni. Udongo uliokauka nje na kubaki mbichi ndani utapasuka hata ukiuimbia.

Kuna wanaochonga povu jeupe la polistirini, lile linalozunguka televisheni mpya, kwa sababu ni jepesi na linakatika kwa waya wa moto. Wanapaka resini ya poliesta juu, na kichwa cha simba kinazama mbele ya macho yao kama sukari kwenye chai. Stairini imelila. Rangi ya kupulizia hufanya vilevile. Tumia epoksi, resini isiyo na stairini, au vika povu kwanza tabaka la simiti yenye akriliki na uliache likauke kabisa, bila tundu hata moja. Povu la poliyurethini, lile la manjano, linahimili poliesta.

Vyuma chakavu

Hapa nitapita haraka, kwa sababu mafundi wa Gikomba na Kamukunji wanajua kuchomelea kunishinda, na Kioko Mwitiki ameonyesha kwa miaka mingi ndovu anavyoweza kutoka kwenye vyuma vilivyotupwa. Maungio yenye vitundu kama mkate yanatokana na kutu, rangi au grisi ambayo haikusagwa, au fito za kuchomelea zilizolala kwenye unyevu. Bamba lililojikunja limechomelewa mstari mmoja mrefu. Chomelea vidoa vidogo, ukirukaruka kutoka upande hadi upande. Bati lenye zinki lisage mahali pa kuungia na ufanye kazi nje penye upepo, kwa maana moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka usiku ule.

Amekamilika, hana ufa, lakini hana uhai

Malalamiko haya ndiyo magumu zaidi, kwa kuwa mteja anayeyatoa hawezi kukuonyesha kwa kidole. Anasema tu, "Kuna kitu." Na kipo. Chukua kipimo.

Anza na miguu ya nyuma. Kifundo kinachokunjika kuelekea nyuma katikati ya mguu wa pundamilia au twiga si goti. Ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, na linakunjika kwenda mbele kama letu. Anayedhani kile ni goti humpa mnyama paja refu na mguu mfupi, na hapo anapata mbwa aliyevaa ngozi ya pundamilia. Ndovu ni tofauti: goti lake la nyuma liko chini na miguu yake imesimama kama nguzo.

Kwa ndovu kuna kipimo kimoja ninachokitumia kila mara. Urefu hadi begani ni karibu mara mbili ya mzunguko wa wayo wa mbele. Ndovu wa mita 3 ana wayo wenye mzunguko wa mita moja na nusu, yaani upana wa karibu sentimita 48. Zungusha futi ya kamba kwenye sanamu yako. Nimezungusha kwenye nyingi zilizodaiwa kuwa na "kitu," na nyayo zilikuwa nyembamba kwa theluthi. Jicho la mteja lilijua, mdomo ulikosa neno. Kisha hesabu kucha: ndovu wa savana kwa kawaida ana nne mbele na tatu nyuma. Wayo wa mbele ni wa mviringo, wa nyuma umerefuka kidogo. Ncha ya mkonga ina vidole viwili, na mgongo umebonyea. Ukichonga kwa kufuata picha ya ndovu wa Asia utapata kidole kimoja na mgongo ulioinuka, na masikio utayasikitikia.

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi haina ndovu wa mwituni. Wapo watoto yatima wanaolelewa pale kwenye kituo cha Sheldrick, na ni vizuri kuwatazama wakitembea, lakini usichukue vipimo vyao ukamchonga mzee. Mtoto ana kichwa kikubwa kwa mwili wake na paji lililovimba. Ukimkuza mtoto hadi mita 3 utapata mtoto mkubwa.

Twiga wa hifadhi hiyo ni wa Kimaasai, mabaka yake yamechanikachanika kama majani na yanashuka mpaka chini miguuni. Kule Lang'ata, kwenye Giraffe Centre, ni aina ya Rothschild, miguu yake chini ya goti ni myeupe kama amevaa soksi. Mara mbili nimeletewa twiga mwenye mabaka ya Kimaasai mwilini na soksi nyeupe miguuni, kwa sababu fundi alipiga picha siku mbili mahali pawili. Mteremko wa mgongo wake nao huchongwa vibaya: watu wanairefusha miguu ya mbele kupita kiasi. Miguu imezidiana kidogo tu. Urefu wa mabegani unatoka kwenye mifupa iliyosimama juu ya uti wa mgongo pale shingo inapoanzia. Na anapotembea, miguu miwili ya upande mmoja husogea karibu pamoja. Mpe mwendo wa farasi na atasimama kama anayeanguka.

Ngozi yenye makunyanzi ya ukubwa mmoja mwili mzima ni dalili ya fundi aliyechoka. Makunyanzi hufuata mwendo: mazito penye goti na kwapa, ya kuzunguka kwenye mkonga, membamba kama karatasi kwenye sikio. Yanachongwa simiti ikiwa imeshika kiasi cha jibini, kidole kinaacha alama bila kulowa. Nailoni iliyofinywa, brashi ngumu, ukingo wa kijiko vinatosha. Halafu rangi: usipake moja. Paka nyeusi iliyozimuliwa, ifute kwa tambara ibaki kwenye mikunjo, kisha pitisha nyepesi juu ya sehemu zilizoinuka kwa brashi karibu kavu. Anayetaka ndovu mwekundu wa Tsavo akumbuke wekundu ule ni vumbi juu ya ngozi ya kijivu. Uweke mgongoni na kichwani anakojirushia mchanga, uache kwapa na nyuma ya masikio vikiwa kijivu.

Mwisho nenda kwenye jicho. Simba ana mboni ya duara, si mstari wa wima kama wa paka wa nyumbani, na kosa hili nimelikuta kwenye mageti mengi. Nyati na pundamilia wana mboni iliyolala. Lakini hata mboni ikiwa sahihi, jicho hutazama kama la samaki sokoni ikiwa kope halijalifunika. Tufe la jicho likae ndani ya tundu, kope la juu lipite juu yake na kumeza ukingo wa mboni, na chini ya kope pawe na kivuli halisi, si kivuli cha kupakwa. Kama umeshalipaka simiti, usivunje kichwa. Chukua tindo ndogo, ongeza kina cha milimita 5 chini ya kope la juu, kutoka pembe ya ndani mpaka ya nje. Lowesha, laini kwa brashi ya uji wa simiti, paka rangi nyeusi ndani ya mfereji huo, na jicho lenyewe vanishi inayong'aa. Rudi nyuma mita kumi, subiri saa kumi na moja jioni jua liwe upande, ndipo utazame tena.